Watoto wetu hawajazoea, wamenyamaza tu

Kwa wazazi, walimu, madirekta na maprefe wa shule, komite za wazazi, na viongozi wetu wote, kutoka Kiliba na Uvira mpaka Makobola na Baraka.

Kuna neno moja tunalisikia kila siku hapa kwetu, na leo tunataka kulijibu. Masasi yakilia upande wa Kavimvira na watoto wakiendelea kucheza, mtu mkubwa anasema: "Watoto wa hapa walishazoea." Mvua ikinyesha usiku mzima na asubuhi watoto wakibeba mabegi kwenda kusoma, tunasema tena: "Walishazoea." Wageni wanaopita na magari yao wana neno lao zuri zaidi: wanasema watoto wa Kongo ni wastahimilivu. Sisi vijana wananchi tunaoishi katika kartie hizi, na wadogo zetu wako ndani ya kalasi hizo, tunasema hapana. Watoto hawajazoea. Wamenyamaza.

Kunyamaza si kuzoea. Mtoto aliyenyamaza anakaa kwenye deski, macho kwenye ubao, lakini masikio yake yako inje. Mlango ukipigwa na upepo, anaruka. Mwalimu akiuliza saba mara nane, hajibu, na si kwamba hajui. Kila Jumatatu asubuhi tumbo linamuuma. Anakojoa kitandani na miaka yake ni kumi na moja. Anapigana wakati wa rekreasio juu ya kitu kidogo sana, ao analala juu ya daftari kwa sababu usiku hakulala. Walimu wanawajua watoto hao kwa majina. Mara nyingi tunawaita wavivu, wakorofi, watoto wasio na adabu. Tunaomba neno jingine liongezwe kwenye orodha hiyo: wanaogopa.

Wanaogopa nini?

Chukueni mtoto mmoja tu wa Uvira, aliyezaliwa mwaka 2013. Aprili 2020, akiwa na karibu miaka 7, mto Mulongwe unafurika usiku, unabeba nyumba na watu, makumi wanakufa na maelfu wanabaki bila fasi ya kulala. Wakati huo huo shule zimefungwa juu ya korona. Mwaka 2024 ziwa Tanganyika linapanda na kuingia ndani ya nyumba za kandokando; mtoto anaona watu wanapita na pirogi fasi alikuwa anapita na miguu. Februari 2025 Bukavu inaanguka, masasi yanalia mpaka hapa mjini, na watu wanavuka mto Rusizi kwenda Burundi. Tarehe 4 Desemba 2025 wakubwa wanatia sahihi makubaliano kule Washington, na kabla ya juma kuisha M23 iko ndani ya Uvira na makumi ya maelfu ya watu wanakimbia tena. Mtoto huyo bado ana miaka 12. Na hatujahesabu kolera, njaa, wala baba aliyeondoka akatafute kazi na hakurudi.

Basi tusiseme kwamba woga wa mtoto huyo ni wa bure. Woga ni mlinzi wa mwili. Hatari ikija, moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa fupi, damu inakwenda miguuni, na mtu anakimbia. Bila mlinzi huyo wengi wetu tusingekuwa hapa. Shida inaanza pale mlinzi anapokataa kulala hata hatari ikiwa imepita. Anapiga kengele juu ya mlango, juu ya pikipiki inayotoa moshi kwa kishindo, juu ya radi, mwisho juu ya egzame ya hesabu. Kichwa kinachofanya zamu ya ulinzi mchana na usiku hakina nafasi ya kuingiza masomo. Njo maana tunasema jambo hili ni la elimu kabisa, si la kubembeleza watoto.

Mvuvi hafundishwi kwa "jikaze"

Dawa tunayoijua zaidi ni moja: "Jikaze." Kwa mvulana tunaongeza: "Wewe ni mwanaume." Tunawauliza wazee wa Kalundu na wa Makobola: ni mvuvi gani alifundishwa ziwa hivyo? Hakuna baba anayemchukua mtoto wake wa miaka minane, anamtupa katikati ya Tanganyika usiku wa upepo, anamwambia usiogope. Mtoto anaanza kwenye mchanga. Anashona nyavu, anaanika ndagala, anasikia wakubwa wanavyosoma upepo na mawingu. Siku moja anapanda pirogi karibu na pwani, mchana, baba yuko nyuma yake. Halafu mbali kidogo. Halafu usiku mmoja wa maji matulivu. Siku anaposhika kasia peke yake, woga haujaisha. Anaogopa bado, na ni vizuri aogope juu ziwa linaua. Lakini anajua la kufanya, na anajua kwamba alishafanya.

Hiyo njo nguvu ya kusimama tena. Haitoki kwenye matusi, haitoki pia kwenye kumficha mtoto ndani ya nyumba. Inajengwa kwa hatua ndogo, mtu mkubwa akiwa karibu, mpaka mtoto aone kwa macho yake kwamba ameweza.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ambayo sisi wakubwa tunayafanya kwa upendo na yanaharibu. La kwanza ni kusema "hakuna kitu" wakati masasi yanalia. Mtoto anasikia, ana masikio. Anachojifunza hapo ni kwamba wakubwa wanadanganya, na mara nyingine hatauliza tena. Afadhali tumwambie ukweli kwa kipimo chake: "Ndiyo, ni masasi, yako mbali, tunakaa hapa chini pamoja, yakisogea tutapita njia ile." La pili ni kumwacha abaki nyumbani siku moja, halafu juma, halafu mwezi, kwa sababu analia asubuhi. Siku ya kwanza woga unashuka, mama anafikiri ameponya. Kumbe kila siku anayobaki, shule inazidi kuwa kubwa na ya kutisha kichwani mwake, na mlango wa kalasi unakuwa mzito zaidi kuufungua. Watoto wengi tunaowaona leo wakizunguka sokoni na kwenye bandari ya Kalundu hawakufukuzwa na mtu. Walianza kwa tumbo kuuma Jumatatu.

Mambo ambayo shule inaweza kuanza Jumatatu hii

Tunajua pesa hakuna. Njo maana tunapendekeza vitu ambavyo havingoji mradi wala semina ya hoteli.

Kwanza, siku iwe na njia inayojulikana. Mtoto ambaye maisha yake yamegeuzwa mara tano anahitaji fasi moja ambayo haigeuki. Wimbo ule ule asubuhi, mpango wa siku ubaoni, saa ya rekreasio ile ile, mwisho wa siku salamu ile ile. Mwalimu akijua kwamba kesho hatakuja, awaambie leo. Ni kitu kidogo, lakini kwa mtoto mwenye woga kujua kinachofuata ni nusu ya usalama.

Pili, dakika kumi za kutuliza mwili kabla ya somo la kwanza. Kuimba, kupiga makofi, kuruka, halafu kupumua. Kila mtoto wa hapa anajua kupuliza makaa kwenye mbabula bila kurusha majivu: pole pole, kwa muda mrefu. Wavute pumzi kwa hesabu ya tatu, waitoe kwa hesabu ya tano ao sita kama wanapuliza makaa. Wafanye mara tano. Pumzi inayotoka pole pole inaambia moyo upunguze mbio. Mtoto akishaijua anaweza kuitumia peke yake kabla ya egzame, na hata usiku akisikia kelele.

Tatu, kila shule iwe na mpango wa hatari, na watoto waujue. Mvua kubwa ikinyesha milimani na shule iko karibu na Mulongwe, Kavimvira ao Kalimabenge, ni nani anaamua kutoa watoto? Wanapita wapi? Wanakutana wapi? Masasi yakilia, wanalala chini upande gani wa kalasi? Nani anabaki na wadogo mpaka wazazi wafike? Wengine watasema kuzungumza hivyo kunawatisha watoto. Sivyo. Woga mkubwa ni wa kutojua. Mtoto anayejua njia ana kitu cha kushika mkononi.

Ine, kila shule ichague mtu mkubwa mmoja, na watoto wamjue. Anaweza kuwa mwalimu wa kike ambaye wasichana wanamwamini, ao mlinzi wa shule, ao mama wa komite ya wazazi. Asijifanye daktari. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha msaada wa kwanza wa moyo kwa watu waliopata msiba, na kazi yake yote inabebwa na maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Uangalie ni nani amebadilika. Umsikilize bila kumlazimisha asimulie alichoona. Umuunganishe na mtu anayeweza kumsaidia zaidi: mzazi, muuguzi, jirani. Hilo la kutolazimisha tunalisisitiza, kwa sababu kuna wanaofikiri mtoto lazima aseme yote mbele ya watu ili apone. Atasema akiwa tayari, na kwa yule anayemtaka.

Tano, anayerudi apewe ngazi, asipewe ukuta. Mtoto aliyekosa shule miezi mitatu kambini Burundi asipelekwe ubaoni siku ya kwanza mbele ya wenzake sabini. Siku za kwanza akae karibu na rafiki na ajibu kwa rafiki huyo. Halafu ajibu akiwa amekaa. Halafu asimame. Halafu ubao. Na kama ameacha kabisa, wiki ya kwanza afike mpaka kwenye kiwanja wakati wa rekreasio tu, acheze nage ao kabumbu, arudi nyumbani. Hatua ikimshinda tunarudi moja nyuma, hatuziachi zote.

Sita, fimbo ibaki inje. Mtoto ambaye mwili wake unangoja kupigwa, ukimpiga unathibitisha tu kwamba mlinzi wake alikuwa na haki ya kutolala. Na hii si mawazo ya vijana tu. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaomba nidhamu ya nyumbani na ya shule iheshimu utu wa mtoto. Nidhamu tunaitaka sisi pia. Mtoto aliyempiga mwenzake aombe msamaha, afagie kiwanja, akose mchezo. Lakini asichapwe juu ya kutetemeka, wala juu ya kukosa jibu.

Tunajua mutatuuliza nini

Mutasema: kalasi moja ina watoto wengi mno, mwalimu atamwona nani? Ni kweli. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, iliandika kwamba shule ya msingi ya serikali ni bure, na Septemba 2019 utekelezaji ukaanza. Tulifurahi na bado tunaitetea, kwa sababu watoto wa maskini waliingia. Lakini waliingia kwenye kalasi zile zile, na madeski yale yale. Ndiyo maana tumechagua mambo yanayofanywa na kalasi nzima kwa pamoja. Wimbo, pumzi, mpango ubaoni na njia ya kukimbilia ni vile vile kwa watoto ishirini na kwa watoto themanini.

Mutasema pia: na mwalimu mwenyewe je? Yeye naye alivuka mpaka na godoro kichwani. Yeye naye hasikii vizuri usingizi. Wako walimu wanaofundisha miaka na miaka bila kuingia kwenye orodha ya kulipwa na serikali. Hapo hatuna ubishi. Mtu mwenye njaa hawezi kuombwa awe ukuta wa watoto wa wengine. Kumlipa mwalimu ni sehemu ya kwanza ya kutuliza watoto, na tutaendelea kulidai hilo kwa sauti. Wakati tunadai, tunawaomba madirekta wawape walimu nusu saa ya Ijumaa wakae wao kwa wao na kusemezana juma lilivyopita, bila ripoti na bila kukaguliwa. Mwalimu aliyesikilizwa anasikiliza vizuri zaidi.

Wengine watauliza kama mambo haya yanasaidia kweli ao ni maneno ya miradi. Jibu letu ni la kweli na halijazidishwa. Miaka ya 2010 shirika la IRC lilifundisha walimu wa shule za msingi katika Katanga kuunganisha kusoma na kuhesabu na utulivu wa moyo wa watoto, na watafiti wa Chuo Kikuu cha New York wakafuatilia. Watoto waliwaona walimu wao kuwa watu wanaowajali zaidi, na masomo yakapanda kidogo. Lakini muda huo mfupi haukutosha kuondoa huzuni na mishtuko waliyokuwa nayo. Tunasoma mambo mawili hapo: shule inaweza kitu, na shule peke yake haiwezi yote.

Yale ambayo shule haiwezi

Kuna watoto ambao wimbo na pumzi havitoshi. Mtoto ambaye hajasema kwa majuma. Mtoto anayesema anataka kufa. Mtoto aliyetoka kwenye kikundi cha silaha. Mtoto aliyebakwa: huyo apelekwe hospitali siku ile ile, na kwa vyovyote kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya ukimwi haziwezi kungoja. Asikae nyumbani kungoja familia zipatane.

Kwa magonjwa ya akili, kituo kinachojulikana zaidi katika Kivu ya Kusini ni SOSAME, na kiko Bukavu. Munajua wenyewe barabara ya Bukavu imekuwaje tangu vita ifike kwenye bonde la Rusizi. Mama wa Nyamianda ao wa Swima hawezi kumpeleka mtoto kule. Kwa hiyo tunadai kwamba katika kila zone ya afya, Uvira, Ruzizi, Nundu na Fizi, kuwe na muuguzi aliyefundishwa kazi hii, na jina lake libandikwe kwenye ukuta wa kila shule. Mashirika yanayokuja na pesa za dharura yasilete semina za siku mbili halafu yaondoke. Yafundishe watu wa hapa, wale watakaobaki masasi yakianza tena.

Kwa wenye bunduki na wenye mamlaka

Mwaka 2016 Kongo iliunga mkono Azimio la Shule Salama, lililozinduliwa Oslo mwaka mmoja nyuma. Maana yake ni nyepesi: shule isitumiwe na askari. Tunawaambia wote, jeshi, Wazalendo, M23 na mwingine yeyote mwenye silaha: musilale ndani ya kalasi, musichome madeski kupika, musiweke bunduki kwenye kiwanja cha watoto, na musichukue mtoto hata mmoja. Mtoto anayekuta maganda ya masasi chini ya deski yake, hakuna mwalimu atakayemshawishi kwamba hapo ni pa usalama.

Kwa serikali tunasema hivi. Tumeandika juu ya kumsaidia mtoto kusimama tena, lakini hatukubali neno hilo ligeuzwe kuwa kisingizio. Kumfundisha mtoto kupumua hakuzuii Mulongwe kufurika. Kingo za mito lazima zijengwe, na shule zilizo kwenye njia ya maji zihamishwe. Mpango wa hatari wa shule haubadilishi amani. Mtoto asiombwe kuwa mgumu kuliko serikali yake. Ofisi ya elimu ya Uvira, ile tunayoiita Sous-PROVED, inaweza tangu sasa kutuma barua moja kwa shule zote: mpango wa hatari, mtu mkubwa mmoja kwa kila shule, na fimbo inje. Karatasi na wino tu. Tunaingoja barua hiyo.

Na sisi hatutakaa kando kuhubiri. Tutapita kwenye komite za wazazi, shule kwa shule, kusaidia kuchora njia za kukimbilia na kuzijaribu pamoja na watoto. Jumamosi tutakuwa kwenye viwanja na mpira na kamba, tukianza na wale waliorudi kutoka Burundi na ambao bado hawajarudi kalasini. Kijana mwenye nguo safi ao mwenye kandambili, njoo. Hatuombi cheti.

Wazazi, hili la mwisho ni lenu. Jumatatu asubuhi mtoto akisema tumbo linamuuma, kabla ya kumwambia jikaze, muulizeni pole pole: "Unaogopa nini?" Halafu munyamaze ninyi, mumwache aseme. Akimaliza, mumshike mkono mumsindikize mpaka kwenye mlango wa kalasi.

Vijana wananchi wa Uvira